Lenakapaviri: sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU inafanya nini mwilini?

Tangu habari za sindano mpya ya kuzuia VVU zianze kusambaa, maswali yamekuwa mengi kuliko majibu. Kwenye makundi ya WhatsApp mmoja anatangaza kwamba chanjo ya UKIMWI imepatikana. Mwingine anasema ni dawa ya kuponya, kwa hiyo wanaotumia ARV wataacha vidonge siku si nyingi. Wa tatu anaonya kuwa ni sindano ya kupunguza uzazi iliyobandikwa jina jingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliye sahihi, na kila kosa lina madhara yake: la kwanza linawapa watu matumaini yasiyokuwepo, la pili linaweza kuua, la tatu linamnyima binti kinga anayoihitaji.

Sindano yenyewe inaitwa lenakapaviri. Imetengenezwa na kampuni ya Gilead Sciences ya Marekani. Kwanza iliidhinishwa mwaka 2022 kuwatibu watu wachache ambao virusi vyao vimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu itumike kwa kinga, na Julai 14 mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza kuipendekeza. Tangazo hilo lilitolewa Kigali, kwenye mkutano wa kimataifa wa sayansi ya UKIMWI. Jaribio kubwa lililoipa umaarufu lilifanyika Afrika Kusini na Uganda. Ni jambo letu, basi, wala si habari ya kusikia kutoka mbali.

Nawaelewa wanaoipokea kwa shaka. Eneo letu limewahi kuahidiwa dawa ya UKIMWI zaidi ya mara moja. Kenya ilikuwa na dawa iliyoitwa Kemron mwaka 1990. Tanzania ilikuwa na kikombe cha Loliondo mwaka 2011, watu wakapanga foleni ya magari ya kilomita nyingi, na wapo walioacha ARV wakitegemea kikombe. Aliyewahi kumpoteza ndugu kwa namna hiyo ana haki ya kuuliza maswali magumu kabla ya kuamini kitu kipya.

Ni dawa ya nani?

VVU ni kirusi. UKIMWI ni hali inayomfikia mtu baada ya kirusi hicho kukaa mwilini kwa miaka bila kutibiwa, kikamaliza chembe nyeupe za ulinzi ziitwazo CD4, mpaka magonjwa ambayo mwili wenye nguvu ungeyamudu yanaanza kumwangusha. Mtu anaweza kuishi na VVU kwa miongo kadhaa, akimeza ARV zake vizuri, asiugue UKIMWI hata siku moja.

Dawa za VVU zinatofautiana kulingana na nani anazitumia na lini. ARV za matibabu ni za aliyekwisha kuambukizwa, na kazi yake ni kufubaza virusi. PEP ni ya mtu ambaye huenda amekutana na kirusi muda mfupi uliopita: amebakwa, kondomu imepasuka, au ni muuguzi aliyejichoma na sindano kazini. Huyo anatakiwa aanze dawa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na azinywe kwa siku 28. PrEP ni ya mtu asiye na VVU kabisa, lakini anajua mazingira yake yana hatari, hivyo anatumia dawa kabla ya hatari kufika. Lenakapaviri inayozungumzwa sasa iko kwenye kundi hili la tatu. Na PrEP yenyewe si ngeni. Vidonge vyake viliidhinishwa Marekani mwaka 2012, WHO ikavipendekeza kwa yeyote aliye kwenye hatari kubwa mwaka 2015, na Kenya ikaanza kuvitoa kitaifa mwaka 2017.

Chanjo ni kitu kingine. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui, na mwili ukishajifunza hujitengenezea silaha wenyewe, hata kama chanjo yenyewe imekwisha kutoweka. Lenakapaviri haiufundishi mwili chochote. Wanaokumbuka enzi za kuchovya vyandarua kwenye dawa ya ngao wataelewa upesi. Chandarua hakikumfundisha aliyelala ndani kupambana na malaria. Dawa ilikaa kwenye nyuzi, mbu akigusa anakufa, na ulinzi ulidumu kadiri dawa ilivyodumu. Ikififia, unachovya tena. Sindano hii nayo inakulinda kwa sababu dawa ipo mwilini. Dawa ikiisha, umebaki kama ulivyokuwa kabla hujachomwa.

Chanjo halisi ya VVU bado haijapatikana, na si kwa uzembe wa mtu. Kirusi hiki hubadilika sura haraka, na hujipachika ndani ya vinasaba vya chembe zilezile ambazo kazi yake ni kutulinda. Jaribio la PrEPVacc, lililoongozwa na watafiti wa Afrika na kufanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, lilisimamisha uchanjaji mwishoni mwa 2023 baada ya kuonekana kwamba chanjo zilizokuwa zikijaribiwa zisingezuia maambukizi. Watu wa Masaka, Mbeya na Dar es Salaam waliojitolea kwenye jaribio hilo hawatajwi sana kwenye habari. Wanastahili kutajwa. Tumejua njia ile haifiki kwa sababu wao walikubali kuipita.

Ganda linalokakamaa

Ndani ya kila kirusi cha VVU kuna ganda dogo lenye umbo la pia, ambalo wanasayansi huliita kapsidi. Limejengwa kwa vipande vya protini vipatavyo 1,500, vyote vya aina moja, vilivyoshikana. Ndani yake ndimo vinasaba vya kirusi vinamosafiri.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ganda hili ni mfuko tu, kwamba kirusi kikishaingia kwenye chembe ya mwili hupasuka mara moja na kazi yake kuishia hapo. Kazi ya miaka mingi ya watafiti, akiwemo Wesley Sundquist wa Chuo Kikuu cha Utah, ilionyesha kuwa ganda lina shughuli nyingi zaidi. Linavilinda vinasaba njiani, linavifikisha kwenye kiini cha chembe, linapenya mlangoni, na linatakiwa lifunguke kwa wakati wake, si kabla wala baada. Ili liweze yote hayo, ni lazima liwe gumu kiasi na lenye kunyumbulika kiasi.

Hapo ndipo lenakapaviri inapoingilia. Inajibana katikati ya vile vipande vya protini na kulifanya ganda likakamae. Ganda lililokakamaa halipenyi kwenye kiini, na kirusi kisichofika kwenye kiini hakiwezi kujipachika kwenye vinasaba vya mtu. Maambukizi hayashiki. Dawa hii pia huvuruga ujenzi wa maganda mapya, hivyo hata virusi vinavyotengenezwa na chembe iliyokwisha kuambukizwa hutoka na maganda mabovu.

Kinachoifanya idumu miezi sita ni namna inavyokaa. Haichomwi kwenye msuli. Mhudumu huidunga chini ya ngozi, mara nyingi tumboni, sindano mbili kwa siku moja. Dawa hubaki hapo na kuyeyuka kidogokidogo kuingia kwenye damu. Kwa kuwa mwanzoni inayeyuka polepole mno, mtu humeza pia vidonge viwili siku ya kwanza na viwili siku ya pili ili kiwango cha dawa kipande haraka. Baada ya hapo hakuna vidonge tena. Anarudi baada ya wiki 26.

Sifuri ya Afrika Kusini na Uganda

Jaribio lililobadilisha mazungumzo linaitwa PURPOSE 1. Liliwahusisha wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, zaidi ya 5,000, na waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa lenakapaviri. Mawili yalipewa vidonge vya kila siku: moja vile vya PrEP vilivyozoeleka, jingine vya aina mpya zaidi. Matokeo yakatangazwa Juni 2024. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa lenakapaviri, hakuna aliyeambukizwa VVU. Hakuna hata mmoja. Kwenye vidonge vilivyozoeleka waliambukizwa 16 kati ya 1,068, na kwenye vile vipya 39 kati ya 2,136. Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town, mmoja wa watafiti wa jaribio hilo, alipowasilisha takwimu hizo kwenye mkutano wa UKIMWI mjini Munich mwezi uliofuata, ukumbi ulisimama kumpigia makofi.

Jaribio la pili, PURPOSE 2, liliwahusu hasa wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na watu waliobadili jinsia, katika nchi za Amerika ya Kilatini, Marekani, Thailand na Afrika Kusini. Huko waliambukizwa 2 kati ya 2,179 waliopewa sindano. Basi usidanganywe na sifuri ya kwanza ukadhani kinga hii ni asilimia mia moja. Ni kubwa mno, lakini haijakamilika.

Swali linalonigusa zaidi ni hili: kwa nini vidonge vilishindwa? Vidonge vya PrEP vinafanya kazi, na hilo lilikwisha kuthibitishwa kwa anayevimeza. Walipopima damu za washiriki, watafiti waligundua kuwa wengi hawakuwa wakivimeza, na kadiri miezi ilivyokwenda ndivyo walivyozidi kuviacha. Waliokuwa na dawa ya kutosha kwenye damu walilindwa.

Ni rahisi kusema wale mabinti ni wazembe. Anayesema hivyo ajaribu kufikiria maisha ya binti wa miaka 19 anayeishi kwa wakwe. Kikopo cha PrEP kinafanana na kikopo cha ARV. Vidonge vinagongana ndani ukitembea nacho. Mume akikikuta, ataamua kwamba ana VVU au kwamba ana mwanamume mwingine, na kwa vyovyote vile kutakuwa na kipigo au talaka. Mama mkwe akikiona, mtaa mzima utajua kabla ya jua kuzama. Binti huyo anaijua hatari ya VVU vizuri sana. Ila hatari ya kikopo iko karibu zaidi, iko chini ya godoro, na inamkabili kila asubuhi. Kuchomwa mara mbili kwa mwaka kunamwondolea uamuzi huo wa kila siku na kikopo cha kuficha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ubora wa lenakapaviri, kuliko hata ufundi wa kulikakamaza ganda la kirusi.

Yanayosemwa mtaani

Kwamba anayeishi na VVU achome sindano hii aache vidonge. Hapana, na hili ndilo la hatari kuliko yote. Kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa, virusi viko kwa mamilioni, na dawa moja peke yake hailemei idadi hiyo. Vile vichache vyenye mabadiliko vitapenya, vitazaana, na dawa itakuwa haifai tena kwake. Kwa sababu hiyo, hata wagonjwa wanaotibiwa kwa lenakapaviri hupewa pamoja na dawa nyingine. Na kwa sababu hiyohiyo, kila mtu hupimwa VVU kabla ya kuchomwa sindano ya kinga. WHO imekubali vipimo vya haraka, vya kutoboa kidole, vitumike kwa kazi hii, kwa hiyo zahanati isiyo na maabara kubwa nayo inaweza kuitoa. Anayeishi na VVU aendelee na dawa zake. Akizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mwenzake kwa ngono.

Kwamba inaleta ugumba. Lenakapaviri inashika protini ya ganda la kirusi, haigusi homoni za uzazi. Ushahidi upo kwenye jaribio lenyewe: washiriki waliopata ujauzito hawakufukuzwa, waliruhusiwa kuendelea, na mimba zaidi ya 500 zilirekodiwa katika makundi yote matatu. Upande wa pili wa jambo hilo nao usisahaulike: sindano hii si uzazi wa mpango. Mwanamke asiyetaka mimba anahitaji njia nyingine juu yake.

Kwamba ukishachomwa kondomu haina kazi. Dawa hii inazuia VVU peke yake. Haizuii kaswende, kisonono, klamidia wala homa ya ini.

Kwamba Waafrika wametumika kama panya wa maabara. Historia inaruhusu swali hilo liulizwe. Jibu lake ni kwamba dawa ya kuzuia ugonjwa hujaribiwa pale ambapo ugonjwa upo, na wasichana wa kusini na mashariki mwa Afrika ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa maambukizi mapya. Jaribio la pili liliwahusisha Wamarekani pia, na dawa ileile inauzwa kwao. Dhuluma ninayoiona mimi iko kwingine, kwenye bei, na nitaifikia.

Kwamba haina madhara yoyote. Inayo, na afadhali mtu ayajue mapema. Wengi huota kinundu chini ya ngozi mahali pa sindano, pengine na maumivu au wekundu kwa siku chache. Kinundu hicho ni dawa iliyohifadhiwa hapo pamoja na mwili ukiizunguka. Huchukua muda kuisha na kwa kawaida hupungua kadiri mtu anavyoendelea na sindano zinazofuata. Walioacha jaribio la PURPOSE 1 kwa sababu ya hilo walikuwa wachache mno.

Inapofifia

Chandarua kilichochovywa hakimalizi dawa kwa usiku mmoja. Kuna kipindi dawa imebaki kidogo: haitoshi kumuua mbu, ila inatosha kumzoesha. Lenakapaviri nayo ina kipindi kama hicho. Mtu akiacha kurudi, mabaki ya dawa yanaweza kukaa mwilini kwa mwaka mzima au zaidi, yakipungua taratibu. Akiambukizwa katika kipindi hicho, kirusi kinakutana na dawa dhaifu na kinapata nafasi ya kujifunza kuikwepa. Hata wale wawili walioambukizwa kwenye PURPOSE 2, ambao hawakuwa wameacha sindano, walikutwa na virusi vyenye badiliko la aina hiyo. Habari njema ni kwamba ARV zinazotumika kwetu, kama kidonge cha TLD, hushambulia sehemu nyingine za kirusi, hivyo mtu wa namna hiyo bado anatibika.

Linalofuata kwa vitendo ni kwamba tarehe ya kurudi si ya kupuuzwa. Kuna nafasi ya wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Zikipita wiki 28 tangu sindano ya mwisho, inabidi kuanza upya, kwa kipimo na vile vidonge vya siku mbili. Anayetaka kuacha kabisa, ilhali bado yuko kwenye hatari, ahamie kwenye kinga nyingine asibaki wazi. Mwenye pikipiki ya bodaboda, dereva wa lori la Mombasa hadi Goma, mvuvi anayehama mwalo kwa mwalo ziwani, hawa wote watahitaji utaratibu wa kuchomwa popote walipo. Kadi iliyofungiwa kwenye zahanati moja haitawafaa.

Jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya TB, hulifanya ini liivunje lenakapaviri haraka kuliko kawaida, na kinga inashuka bila mtu kujua. Ukiwa kwenye dozi ya TB, au ukianza dozi hiyo baada ya kuchomwa, mwambie mhudumu. Upo utaratibu wa kuongezewa dawa.

Bei

Marekani dawa hii ilitangazwa kwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Oktoba 2024 Gilead iliruhusu makampuni sita, yakiwemo ya India, Misri na Pakistani, kutengeneza aina ya bei nafuu kwa ajili ya nchi 120. Septemba 2025 ikatangazwa kuwa kuanzia 2027 aina hiyo itapatikana kwa dola 40 hivi kwa mwaka. Dawa ileile. Tofauti ya dola 28,218 na dola 40 inaonyesha wazi kwamba bei ile ya kwanza haikutokana na gharama ya kuitengeneza. Na Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako watu walijitolea miili yao kwa PURPOSE 2, hazimo kwenye orodha ya nchi 120. Hilo ni kosa, na linapaswa kuitwa kosa.

Wakati 2027 ikisubiriwa, Mfuko wa Kimataifa wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria pamoja na serikali ya Marekani wamepanga kuwafikia watu milioni 2 katika miaka mitatu. Mizigo ya kwanza ilifika Eswatini na Zambia Novemba 2025, na Kenya na Uganda zimo kwenye kundi la nchi za mwanzo. Marekani imesema fungu lake litangulize wajawazito na wanaonyonyesha. Ni uamuzi unaomkinga mama na mtoto, lakini unawaacha nyuma watu wengi ambao maambukizi yanawazunguka zaidi. Dunia ilipata maambukizi mapya milioni 1.3 mwaka 2024 pekee, na misaada ya VVU ilikatwa ghafla mwanzoni mwa 2025. Watu milioni 2 kwa miaka mitatu ni mwanzo, tena mwanzo mdogo.

Kwa aliye mahali ambapo sindano haijafika, vidonge vya PrEP vipo katika vituo vingi vya afya vya serikali, na kwa anayeweza kuvimeza kila siku vinakinga vizuri. Ukienda, uliza mambo matatu: kama lenakapaviri inatarajiwa hapo na lini, ni nani watakaotangulizwa, na je, unaweza kuanza vidonge leo ukahamia sindano itakapofika. Kuhama kunaruhusiwa. Na kama hatari imekwisha kutokea jana usiku, sindano hii siyo unayoitafuta. Omba PEP, na uende leo.